Siku Niliyowaomba Watu wa Majengo Watulie

Mkufunzi alitoka Kinshasa na begi moja la nguo na mawili ya karatasi. Alikuwa amekuja kutufundisha sisi, wafanyakazi wa shirika dogo la maji la hapa Goma, namna ya kusema na watu siku mambo yanapoharibika: redioni, kwenye mitandao, kwenye makundi ya simu, na mbele ya mwandishi wa habari aliyeamka vibaya. Hakutaka kutuandikia ubaoni. Alitaka tuigize. Alituingiza wote katika chumba cha mikutano, akafunga mapazia ingawa hakukuwa na jua, akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo tulikuwa ndani ya janga, na kwamba tungebaki humo siku tatu, isipokuwa saa ya chakula.

Kila mmoja alipewa nafasi yake. Mhasibu wetu, mwanamke asiyependa maswali, alifanywa mwandishi wa habari. Dereva alifanywa mvumishaji, mtu wa kusambaza uongo kwenye mtandao, na alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi katika kazi yake yote ya udereva. Mtu mmoja alipungua, basi akaitwa mama anayetupikia, akatoka jikoni bado ameshika mwiko, akaambiwa kwamba yeye ni umma.

"Umma ni nani?" aliuliza.

"Ni watu wote," mkufunzi akamjibu.

Mama alifikiri kidogo, akajifuta mikono kwenye kitenge chake, akavuta kiti na kuketi.

Mimi nilikuwa msemaji wa shirika. Kwa wengine ule ulikuwa mchezo wenye chai na mandazi, lakini kwangu haukuwa mchezo. Nilikuwa nimemaliza miezi sita ya majaribio katika kazi hiyo, na Mkurugenzi, mzee mpole wa Rutshuru asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, alikuwa ameniambia wazi: nikifanya vizuri katika zoezi, kazi ni yangu, nikishindwa, wataleta msemaji kutoka Kinshasa. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa naiota. Kibaya zaidi, nilikuwa nimeshamwambia mama yangu.

Kumwambia mama yangu jambo ni kulitangaza. Yeye ndiye kiongozi wa jumuiya ya wakristo wa mtaa wetu huko Majengo, na kundi la simu la jumuiya hiyo lina kila nyumba ya mtaa, pamoja na wote waliowahi kuhama wakarudi Butembo au Beni na kukataa kutoka kundini. Wote walikuwa wameshajulishwa kwamba binti yake anakaribia kuwa sauti ya maji ya Goma.

Ila huyo huyo mama hakuamini hata sentensi moja niliyoandika. Tangazo langu liliposomwa redioni alilisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akapunguza sauti ya redio, akanigeukia na kuniuliza, "Sasa, kweli yenyewe ni gani?" Alikuwa ameuza maharagwe Birere tangu sijazaliwa, na alisema wanunuzi walimfundisha jambo moja tu: mtu anayetaka kukudanganya huanza kwa kukusemesha vizuri. Mimi niliona hayo ni mambo ya maharagwe. Nilikuwa na diploma.

Siku ya kwanza mkufunzi alitoa sanduku la viatu lililojaa vikaratasi. Kila kikaratasi kilikuwa na tukio, na kila alipochomoa kimoja, jambo jipya lilitupata. Cha kwanza kilisema kwamba lori limemwaga petroli karibu na tangi letu la Majengo na watu wanauliza kama maji ni salama. Mkufunzi alinipa chupa tupu iwe mikrofoni. Kanuni ya kwanza, alisema, ni kutuliza. Kabla ya kueleza chochote, watulize.

Nilisimama, nikanyoosha shati, nikasema kwa ile sauti niliyokuwa nikiifanyia mazoezi bafuni: "Hali iko chini ya udhibiti. Tunawaomba wakaaji wote wabaki watulivu na waendelee na shughuli zao za kila siku."

Umma akasimama. Alifungua aproni, akaikunja, akachukua mkoba wake chini ya kiti na kuelekea mlangoni. Mkufunzi alimfuata mpaka kizingitini.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kutosha batoto ku masomo." Alimaanisha kuwatoa watoto shuleni.

"Lakini hili ni zoezi."

"Ninajua ni zoezi, papa. Lakini umesikia vile huyu anasema?"

Mkufunzi alipogeuka kutuomba msaada, alimkuta mhasibu naye amesimama, funguo za nyumba mkononi, na mwenyewe hakuweza kueleza zimefikaje pale. Dereva hakuwemo kabisa. Tulimwona kupitia dirishani uani, akiligeuza gari la shirika mpaka likaangalia lango. Alirudi akapangusa viatu na kusema ni mazoea tu, hakuwaza kitu.

Ilitubidi tumweleze yule bwana. Mji huu umeshaombwa utulivu mara nyingi, volkano ikilipuka au vita ikikaribia, na walioombwa wakatulia ndio waliofika wa mwisho Sake, mji tunaokimbilia, na miguu imevimba. Hapa mtu akisema "hali iko chini ya udhibiti", mwenye akili anatafuta viatu. Wala si kwamba tunamchukia msemaji. Tunamshukuru kwa kutujulisha. Mkufunzi alisikiliza, akaandika katika daftari lake, akasoma kwa sauti alichoandika: "Umma una hofu iliyopita kiasi."

"Hatuna hofu, papa," umma akamwambia, akifunga tena aproni. "Tunakumbuka tu."

Ningekuwa na akili ningejifunza papo hapo, na hadithi ingeishia hapa. Lakini mimi nilimkasirikia mpishi. Niliona ameniharibia maksi.

Siku ya pili ilikuwa ya tangazo la maandishi, na hapo nilijua nitawaonyesha. Tukio lilikuwa lile lile la petroli. Niliandika asubuhi nzima. Nilitia "kwa mujibu wa", nikatia "vyombo husika", nikatia "hatua zote stahiki", na aya ya mwisho nikaomba utulivu mara mbili, kwa maneno tofauti. Mkufunzi aliniamuru niandike juu kabisa, kwa herufi kubwa, ZOEZI ZOEZI ZOEZI, na chini vivyo hivyo, ili karatasi ikipotea isilete balaa. Nikaandika. Lilikuwa tangazo zuri. Hata leo nikilisoma naona ni zuri.

Saa nne tulitoka kunywa chai. Nililitandaza mezani, nikalipiga picha, nikamtumia mama yangu na maneno haya: "Mama, angalia kazi ya mutoto wako. Ni simulasiyo tu. Usiogope."

Kwa hilo neno la mwisho najilaumu mpaka leo.

Tulikuwa tumerudi ndani, mhasibu akinihoji kwa uchungu kana kwamba nimemlia pesa yake, simu ya dereva ilipoita. Alisikiliza, akaishusha taratibu. "Ni bibi yangu," alisema. "Anasema batu ba Majengo bako banamwanga maji. Banasema petroli imeingia mu tangi."

Mkufunzi alipiga makofi. "Mnaona? Hilo sikuliandika mimi. Mvumishaji wetu ameanza kujitungia. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka."

Dereva alikuwa ameshaanza kumpigia bibi yake tena. Halafu simu ya mhasibu ikaita: dada yake wa Katindo alitaka kujua kama amwage mapipa yote au aache moja la kuoshea. "Chanzo cha pili," mkufunzi akasema, akiandika haraka. "Mwandishi wa habari mzuri hutafuta chanzo cha pili." Mpishi naye aliinua simu yake juu tuione, ilikuwa ikitetemeka bila kupumzika. "Na umma umeitikia," mkufunzi akasema, na nadhani machozi ya furaha hayakuwa mbali.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkurugenzi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa ametembea haraka.

"Hili si zoezi," alisema.

"Ndivyo hasa anavyopaswa kusema," mkufunzi alitunong'oneza. "Tazameni uso wake. Safi sana."

Mkurugenzi aliweka simu yake mezani mbele yangu. Kwenye kioo lilikuwa tangazo langu, na pembeni, kwenye ukingo wa picha, kilionekana kidole gumba changu na rangi yake nyekundu ya kucha. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Muone. Banasema ni zoezi mara tatu juu ya batu basikimbie. Mutoto wangu anatumika kazi mule, njo amenitumia kwa siri. Musichote."

Mama yangu alikuwa amefanya alichopaswa kufanya mtu yeyote wa mji huu. Aliona neno "zoezi" mara tatu juu na mara tatu chini, akaona utulivu ukiombwa mara mbili, akaona na binti yake anamwambia asiogope. Ushahidi ulikuwa kamili.

Nitasema na la aibu. Kwa pumzi mbili hivi nilifikiria kunyamaza. Umma alikuwa na simu. Umma angeweza kushukiwa. Kisha nikaona mpishi ananitazama kidole gumba.

"Ni mimi," nilisema. "Nilimtumia mama yangu aone vile ninavyoandika."

Mkufunzi alitazama sanduku lake la viatu, akatutazama, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba amekuwa akilipigia makofi janga la kweli.

"Kazi yako tutaizungumza kesho," Mkurugenzi alisema, bado kwa upole, na ule upole ulinitisha. "Kwanza watu warudi kwenye robine." Maana watu walikuwa wameyaacha mabomba yetu na kushika njia ya ziwani na mabido, yale madumu yao ya njano. Maji yetu yanatoka ziwa hilo hilo, lakini yanapita kwenye dawa kwanza. Ukiyachota mwenyewe ufukweni na kuyanywa, ni kipindupindu, na Majengo wanakifahamu.

Tulianza kwa njia ya kitabuni. Tangazo la kwanza lilisema shirika linakanusha vikali. Jibu lilifika kabla hatujaketi: "Kama hakuna kitu, juu ya nini banakanusha vikali?" La pili lilirudia kwamba lilikuwa zoezi. Mtu mmoja wa mtaa wetu alihesabu akaandika kwamba sasa wameshasema zoezi mara nane, kwa hiyo hata Katindo wajitayarishe. La tatu lilikuwa wazo la mkufunzi: picha ya Mkurugenzi akinywa glasi ya maji ya bomba. Mzee wa watu alikunywa mpaka chini, akatabasamu inavyotakiwa. Wakajibu kwamba hayo ni maji ya chupa yaliyomiminwa kwenye glasi, na kwamba tena amekonda.

Mkufunzi alikuwa akipekua vikaratasi vyake kimoja kimoja, nadhani akitafuta chenye jibu. Nilitoka nje, nikampigia mama. Alipokea kwenye kelele za barabara.

"Mama, uko wapi?"

"Niko ninashuka ku ziwa. Niko na chukudu na mabido sita." Chukudu ni ile baiskeli ya mbao tunayobebea kila kitu hapa, alikuwa ameikodi na mwenyewe akiifuata kwa miguu.

"Na ile goti yenye inakuuma?"

"Goti tunaenda nayo."

"Mama, ilikuwa simulasiyo."

"Ndiyo. Nilisoma. Mara tatu."

"Ninakuambia maji iko muzuri. Hali iko chini ya..." Nilijisikia mwenyewe nikaacha katikati.

"Unaona," mama alisema. "Sasa, kweli yenyewe ni gani?"

Na mtandao ukakatika.

Nilikasirika. Nilimkasirikia kwa goti lake, kwa ubishi wake, kwa kazi yangu iliyokuwa ikienda zake, na zaidi nilijikasirikia mimi. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi sauti na kumtumia vokali ambayo sikuipanga wala kuipima. Naiandika hapa kama ilivyo, kwa kuwa mji mzima unaijua.

"Mama, sikiliza. Rudisha ile chukudu ku nyumba sasa hivi. Hakuna petroli mu maji. Ile petroli ni mimi niliandika, mimi mwenyewe, ku meza, na kalamu, juu nilitaka uone vile ninajua kuandika. Mujinga ni mimi, si maji. Maji ya tangi nilikunywa asubui na niko hapa ninakulalamikia. Unataka kweli? Kweli njo hii. Robine ya karibu na kinu, ile moja tu, maji yake iko na rangi ya chai tangu juzi, juu bafundi balitengeneza bomba, na hatukuambia mutu. Tulinyamaza, na ni vibaya. Ile usichote mupaka bamalize kuisafisha. Zingine zote, chota. Na ukiteremuka ku ziwa na ile goti utaanguka, na sitakuja kukubeba, nitatuma dada yako akubebe, na unajua vile atasema mwaka muzima. Tena unaniuliza kweli, weye? Ulisema umeacha sukari vile munganga alisema. Nimeona kopo ya sukari nyuma ya picha ya Bikira Maria. Nyuma ya Bikira Maria, mama. Rudi ku nyumba."

Nikatuma. Nilibaki nimeegemea ukuta, nikawaza kwamba angalau hayo yamebaki kati ya mtu na mama yake.

Hazikupita dakika tano nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye simu ya dereva. Halafu kwenye ya mhasibu. Halafu ya mpishi, nyuma kidogo ya wengine, hivi kwamba kopo la sukari lilifika mara tatu kwa zamu. Mama yangu alikuwa ameipeleka yote kama ilivyo kwenye kundi la jumuiya, na jumuiya ikaipeleka kwingine. Chini yake aliandika maneno machache tu: "Anakasirika. Ni kweli. Murudi."

Wakarudi. Mchana dereva alikwenda Majengo kujionea, akatupigia akisema kuna mstari kwenye kila robine isipokuwa ya kinu, ambako mtu asiyejulikana ameshatundika kipande cha katoni chenye maandishi: CHAI. Mkurugenzi alisikiliza taarifa hiyo akitazama dari.

"Ile ya kinu," aliniambia baadaye, "hatukukubaliana kuitangaza."

"Ndiyo, papa."

Akampigia fundi mkuu na kumwuliza, kwa upole wake wote, kwa nini rangi ya chai inachukua siku mbili.

Siku ya tatu mkufunzi aliweka vokali yangu kwenye spika. Sikujua nitazame wapi. Alikuwa akiisimamisha kila baada ya sentensi na kutoa maelezo: hapa amekubali kosa, hapa ametaja mahali, hapa amesema nini kifanyike na nini kisifanyike, hapa amesema hata lile tusilotaka kulisema. Alipofika kwenye sukari aliisimamisha na kusema sehemu hiyo, kitaalamu, ingeweza kuondolewa.

"Hapana, papa," mpishi akamwambia. "Ile njo ya lazima. Bila sukari hatungeamini."

Mkufunzi alimtazama. Akaandika katika daftari, na safari hii hakutusomea. Kisha alinionyesha fomu yake ya tathmini. Kwenye utulivu wa sauti nilipata sifuri. Kwenye lugha rasmi, sifuri. Kwenye nembo ya shirika, sifuri. Alisema hajawahi kumpa mtu maksi chache hivyo na kumpendekeza kwa kazi, na akatia saini.

Lakini saini iliyohitajika ilikuwa ya Mkurugenzi, naye hakutoa kalamu. Alinipa habari yake akiwa amesimama dirishani. Kosa la picha amelisamehe, alisema, kwa kuwa nimelikiri mwenyewe. Ila hawezi kuweka sauti ya shirika mikononi mwa mtu aliyemfokea mama yake mbele ya Majengo nzima. Watu wangeuliza nimelelewa wapi. Niende nikamwombe mama yangu msamaha, na mama mwenyewe akimwambia ameridhika, siku hiyo atatia saini.

Sikubishana naye, maana alisema kweli. Nilikwenda nyumbani na kilo ya nyama ya mbuzi na uso wa mtoto wa kanisani. Mama alipokea nyama. Kufokewa hakukumuuma, alisema, watu wanafokeana. Kilichomuuma ni sukari. Jumuiya ilikuwa imekuja kumtembelea, watu zaidi ya kumi, na kila mmoja, baada ya salamu na sala, alitafuta sababu ya kupita karibu na Bikira Maria na kuchungulia nyuma. Alikuwa amelihamishia kopo chini ya mto wa kiti, kisha akalazimika kukaa na wageni saa nzima akiogopa wataketi juu yake.

"Kwa hiyo musamaha utauomba pale ulinipigia kelele," alisema. "Ku simu. Batu bote basikie."

Jumapili baada ya misa nilijifungia chumbani na karatasi. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, saa nzima. Nilitaka iwe na adabu. Nilikunywa maji, nikasafisha koo, nikarekodi kwa sauti ya chini na laini kabisa: "Mama yangu mupendwa, na nyinyi bazazi na bandugu ba jumuiya yetu. Kwa moyo wa unyenyekevu ninawasalimia wote. Ninaomba musamaha kwa maneno yangu ya siku ile. Ninawatakia Jumapili ya amani. Mubaki salama na watulivu."

Nikatuma kundini. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kuungama.

Simu ya kwanza ilikuwa ya dereva. "Bibi yangu anauliza maji imefanya nini." Ya pili ilikuwa ya mhasibu, ambaye kwa sauti ya ofisini kabisa alitaka kujua kama kuna jambo ambalo wafanyakazi hawajaambiwa. Nilisikia nje geti la jirani likifunguliwa na gari likigeuzwa. Mwanamke mmoja alikuwa akipiga kelele kwa wanawe watoe kila chombo ndani, hata sufuria, wajaze wakati bado yanatoka. Mpishi hakupiga. Aliniandikia maneno manne: "Niko njia ya Sake."

Kisha akapiga mama. Alikuwa uani kwa jirani, na nilisikia wanawake wengi nyuma yake.

"Sema kweli," aliniambia. "Ni tangi gani?"

"Mama, nilikuwa ninaomba musamaha."

"Kwa ile sauti?"

"Njo sauti ya musamaha, mama."

"Mutoto wangu, usinifiche. Niko mama yako. Ni tangi gani?"

Nilihesabu mpaka tatu, kama mkufunzi alivyotufundisha, lakini hasira ilifika kabla ya mbili. "Hakuna tangi. Hakuna kitu kabisa. Nimeikala saa muzima na karatasi, ninakutafutia maneno ya heshima, na weye unaniuliza tangi. Hata sijakula. Ile nyama ya mbuzi nilileta umeikula na nani, hukuniachilia hata mufupa. Na ile kopo ya sukari, umeitupa ao umeihamisha tu?"

Halafu nikasikia mama akivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayetua mzigo, na akiwa ameiondoa simu mdomoni akawaambia wanawake wa uani, "Mukae. Hakuna kitu. Ni yeye."

Nilisikia viti vikivutwa na mtu akicheka, na mtoto akiambiwa arudishe sufuria jikoni. Nilikaa kitandani na karatasi yangu ya msamaha mapajani, na sijui kwa nini nilikuwa ninalia, kwa sababu nilikuwa na furaha.

"Mwambie mukubwa wako nimeridhika," mama alisema aliporudi kwenye simu. "Akupe ile kazi. Lakini usiseme tena na sisi muzuri vile. Unatuogopesha."